Nyuzi Nne

Umeme ulikatika saa nane usiku.
Jenereta la hospitali likakohoa mara mbili, likalala.
Nilikuwa zamu peke yangu, maabara ya tishu,
nje Julai ya Mbeya ikiuma masikio.
Nikafungua friji, nikakutoa, sungura,
yaani kile kilichobaki kwako:
majimaji ndani ya kichupa
kisichozidi kidole gumba changu.

Lebo haina jina lako.
Ina namba, ina tarehe ya mwisho,
na amri: nyuzi mbili hadi nane. Usigandishe.

Kwanza nikakuficha kwapani,
upumbavu wa mtu aliyezoea kulea,
hadi nilipokumbuka kwapa lina nyuzi ngapi.
Nikafungua dirisha linalotazama Loleza,
nikakulaza ukingoni kando ya kipimajoto,
nikavuta kiti, nikajifunga kitenge juu ya sweta.
Nne, kilisema.
Mlima mzima umegeuka friji
na hautudai luku.

Mama alifuga sungura kule Kiwira,
banda la mianzi nyuma ya jiko.
Tulikatazwa kuwapa majina.
Jina, alisema, hutia kisu butu.
Mimi mmoja nilimwita Kisa, kimoyomoyo,
na Jumapili ile sikula.

Wewe walikuchoma sindano ya kitu chetu:
tripsini, kimeng'enya cha kongosho,
kinachokatakata maharage na nyama
gizani, ndani ya matumbo ya watu.
Mla majani, nyama ilikuhusu nini?
Damu yako ilishtuka.
Haikutuma askari mmoja aliyefundishwa shabaha moja.
Ilipiga yowe, wakatoka wote:
huyu kashika pembe, yule mgongo,
yule kang'ang'ania mkunjo mdogo
ambao hata waliokuchoma hawakuujua.
Kisha wakaichota kwenye mshipa wa sikio,
lile sikio refu
ulilopewa ili umsikie mbwa.

Saa kumi na moja taa zikarudi.
Mikono yangu ilikuwa kama si yangu.
Mezani kipande cha Subilaga, muuza viazi wa Isyonje,
chembamba kuliko ngozi ya kitunguu,
na karatasi ya Daktari Ambakisye
yenye alama tatu za kuuliza:
Ini? Tumbo? Kongosho?
Nikakudondosha juu yake.
Saa nzima nikakuacha utafute.
Nikaosha, nikaosha tena, nikatia rangi.

Kahawia ilikuja polepole,
kama majani ya chai yakikolea kikombeni,
hapa doa, pale doa, halafu uwanja mzima.
Seli zimeasi, zimebomoa kuta za nyumba yao,
na bado zinanoa kisu kilekile cha zamani,
kama fundi mlevi
ambaye mkono wake haujasahau kazi.
Ulizitambua, sungura.
Ulizishika kila mahali zinaposhikika.

Nimeandika: chanya.
Mahali pengine ni neno zuri.

Alhamisi atakuja, na kiroba cha viazi mgongoni
ingawa nilishamkataza,
ataketi kwenye benchi la mbao akihema,
aniulize, kwa Kinyakyusa, kwa sauti ya chini,
ni nani aliyeliona lile jambo lake,
maana madaktari watatu hawakuliona.
Sijui nitajibu nini.
Kwenye daftari nimejaza: limetumika tone moja,
yamebaki kama kumi na moja.
Safu ya maoni nimeiacha tupu,
kisha nikarudi, nikaandika kwa penseli:
*alilala dirishani.*